Reginald Moreau: Karani Aliyesoma Historia ya Milima Yetu Kupitia Ndege

Na Mwandishi Wetu, Songea

MTO Ruvuma unaanzia katika Milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea, kisha unateremka hadi kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto huo, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Songea ukipima kwa mstari ulionyooka, unainuka mlima wenye kilele kipana uitwao Njesi, katika mkoa wa Niassa. Katika msitu mdogo wa mlima huo anaishi ndege mdogo wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mrefu kuliko unavyotarajia kwa umbo lake. Mahali pengine pekee duniani anapojulikana kuishi ndege huyo ni misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kutoka Njesi. Kati ya mlima mmoja na mwingine kuna nyanda za joto na miombo, mazingira ambayo ndege huyo hawezi kuyavuka.

Wanasayansi wanamwita Artisornis moreaui. Sehemu ya pili ya jina hilo inatokana na Reginald Ernest Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, Usambara, kwa takriban miaka 18, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta jibu la swali ambalo ndege huyo analiuliza kwa kuwepo kwake tu: alifikaje huku na kule?

Moreau hakuwa profesa, wala hakusoma chuo kikuu. Alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 katika mji wa Kingston-upon-Thames, Uingereza, katika familia iliyokuwa na uwezo hadi baba alipogongwa na mlango uliokuwa wazi wa treni iliyokuwa ikipita. Tangu hapo afya ya baba iliyumba, na mapato ya nyumba yakayumba pamoja nayo. Kijana alipata faraja yake katika baiskeli na ndege wa mashambani. Mwaka 1914 alifanya mtihani wa utumishi wa umma, akapangiwa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi huko Aldershot. Ilikuwa kazi ya daftari, kalamu na hundi, ambayo kwa macho ya wengi haina uhusiano wowote na sayansi. Mwandishi wa makala haya ana maoni tofauti. Mtu aliyefundishwa kutolipitisha fungu lolote bila kulihakiki ana nusu ya tabia ya mtafiti tayari, na katika kila alichokiandika Moreau baadaye mkaguzi wa hesabu anaonekana.

Ugonjwa ndio uliomleta Afrika. Baridi yabisi ilimshika akiwa bado kijana, viungo vikavimba na kukakamaa, na hali ya hewa ya Uingereza ikawa adui yake. Mwaka 1920 alihamishiwa ofisi ya jeshi jijini Cairo, Misri, ambako ukavu wa jangwa ulimrudishia nguvu. Siku za mapumziko alizitumia kutembea jangwani na kwenye maziwa ya pwani. Alijifunza mengi kutoka kwa Michael Nicoll, aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika bustani ya wanyama ya Giza. Hukohuko Misri alikutana na Winifred Bird, wakafunga ndoa mwaka 1924. Jina lake la ukoo lilikuwa na maana ya ndege kwa Kiingereza, na bila shaka lilizua utani mwingi kati ya marafiki zao. Winifred hakuwa mke wa kumsubiri mumewe nyumbani. Alikuwa na jicho kali la kuona viota, alikaa msituni kwa saa nyingi kama mumewe, na makala kadhaa za kisayansi zimebeba majina yao wote wawili. Binti yao walimpa jina la jamii moja ya ndege wadogo wa vichakani.

Mwaka 1928 familia hiyo ilihamia Tanganyika. Mtaalamu wa wadudu C. B. Williams, aliyewahi kufanya kazi Misri na kutangulia kwenda Amani, ndiye aliyemfungulia njia. Amani ilikuwa imeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kuwa kituo cha utafiti wa elimu ya viumbe na kilimo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikifufua kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Maabara, maktaba na nyumba za wataalamu zilikuwa zimezungukwa na msitu mnene, katika mwinuko wa takriban mita 900 kutoka usawa wa bahari. Moreau aliajiriwa kushughulikia maktaba na machapisho. Kwa mujibu wa barua yake ya ajira, ndege hawakuwa kazi yake. Asubuhi kabla ya ofisi, jioni baada ya ofisi, na siku za mapumziko ndizo zilizokuwa zake.

Matokeo ya muda huo wa ziada yalianza kuonekana mapema. Ndege wa mdomo mrefu aliyetajwa mwanzoni alitambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1931 na W. L. Sclater wa London, kutokana na vielelezo kutoka Amani. Mwaka 1933 Sclater alitangaza aina mpya ya chozi, nayo akaipa jina la Moreau. Chozi huyo anaishi katika milima ya Nguru, Ukaguru na Udzungwa, wala haonekani mahali pengine nje ya ukanda huo wa milima. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimtangaza ndege mdogo wa vichakani mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu kutoka Milima ya Uluguru, akampa jina la Winifred.

Katika kazi hiyo hakuwa peke yake, na hapa ndipo simulizi nyingi kuhusu wanasayansi wa zama za ukoloni zinapopita haraka mno. Aliyekuwa akipanda milima, kutega, kulenga na kuzihifadhi ngozi za ndege kwa ustadi uliokubalika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya alikuwa Salimu Asmani, Mtanganyika aliyekwisha kupata uzoefu huo akiwa na Arthur Loveridge, mtafiti wa nyoka na vyura. Salimu aliijua milima kwa miguu yake. Vielelezo vingi ambavyo wataalamu wa London walivichambua mezani vilipita kwanza mikononi mwake.

Zaidi ya Salimu walikuwepo wanavijiji wa Amani. Moreau alitambua jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati wake hawakulizingatia: ndege aliyekufa anakuambia rangi na vipimo vyake, lakini hakuambii anaishije. Ili kujua hilo, lazima mtu akae mbele ya kiota kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia, siku baada ya siku, na kuandika kila mara mzazi anapofika na chakula. Mtu mwenye ajira ofisini na viungo vinavyouma hawezi kufanya hivyo peke yake. Kwa hiyo aliwaajiri wakazi wa eneo hilo, akawafundisha namna ya kuandika saa na tukio, kisha akazihakiki kumbukumbu zao kama alivyozihakiki hesabu za jeshi. Daftari za watazamaji hao zilijaza maelfu ya saa za uangalizi wa mbayuwayu, hondohondo na ndege wengine. Katika nchi nyingi za Ulaya wakati huo, takwimu za namna hiyo hazikuwepo hata kwa ndege wa bustanini.

Habari za hondohondo wa mashavu ya fedha zinatosha kuonyesha thamani ya daftari hizo. Jike wa ndege huyu huingia katika tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo hadi ukabaki ufa mwembamba tu. Humo ndani anataga, anaatamia na kulea, naye dume hubeba chakula chote kutoka nje na kukipitisha katika ufa huo. Kwa hesabu iliyopatikana, dume mmoja huweza kuleta takriban matunda 24,000 katika safari zipatazo 1,600 ndani ya siku 120. Kila tunda lina mbegu, na mbegu hizo hudondoka chini ya kiota au hutapikwa mbali na mti mama. Anayekata mti mmoja mkubwa wenye tundu, akidhani anachukua ubao tu, anaondoa pia kituo cha kusambaza mbegu za msitu mzima.

Mwaka 1934 alifika Amani kijana wa Kiingereza aliyeitwa David Lack, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa utafiti wake wa ndege wa visiwa vya Galapagos, magharibi mwa Amerika Kusini. Wawili hao walianza mjadala uliodumu maisha yao yote. Kwa nini ndege wa Tanganyika hutaga mayai mawili au matatu, ilhali jamaa zao wa Ulaya hutaga manne, matano au zaidi? Mwaka 1944 Moreau alichapisha katika jarida la Ibis ulinganisho mpana wa idadi ya mayai, akitumia ndege wa Afrika ya ikweta na wa kusini mwa bara. Lack naye alijenga hoja kwamba idadi ya mayai hufuata uwezo wa wazazi kulisha makinda. Mjadala huo bado unafundishwa vyuoni, na sehemu ya msingi wake ni kumbukumbu zilizoandikwa na wanavijiji wa Usambara. Majina yao hayapo juu ya makala hizo kama waandishi. Ni upungufu wa zama zile, na inafaa utajwe.

Udadisi wake haukuishia kwa ndege. Alikusanya majina ya ndege katika lugha za kaskazini-mashariki ya Tanganyika na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1942, akichunguza ni ndege gani hupewa jina lake mwenyewe na ni yupi hujumuishwa na wenzake. Mwaka 1944 alichapisha utafiti kuhusu utani baina ya makabila ya Tanganyika. Msomaji wa Songea, ambako Mngoni anaweza kuchukua kitu cha mtani wake msibani na watu wakacheka, atashangaa kidogo kusikia kwamba miongoni mwa maandishi ya mapema na yanayorejelewa zaidi kuhusu jambo hilo ni ya mtazamaji wa ndege.

Hata hivyo, swali lililomshika kuliko yote lilikuwa la milima. Tangu Alexander von Humboldt alipopanda mlima Chimborazo katika Andes mwaka 1802 na kuchora jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda juu, ilijulikana kwamba kila mwinuko una viumbe wake. Lakini Andes ni safu moja ndefu, na ndege wa baridi anaweza kuifuata kwa maelfu ya kilomita bila kushuka bondeni. Milima ya Tanganyika haiko hivyo. Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa imetengana kama visiwa baharini, ila bahari yenyewe ni nyika. Moreau alipima mvua na joto, akalinganisha orodha za ndege wa mlima mmoja na mwingine, na mwaka 1935 akachapisha utafiti wa ikolojia ya Usambara. Miaka mitatu baadaye alitoa mfumo wa kuainisha hali ya hewa ya Afrika Mashariki kwa kuzingatia mahitaji ya viumbe. Alichokiona ni kwamba ndege wa misitu ya milimani walifanana mno katika milima iliyotengana. Isingewezekana kila mlima kuwazalisha peke yake, na kuruka nyika walikuwa hawawezi.

Jibu lake la mwisho lilitoka mwaka 1966, katika kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake. Katika zama za barafu, alieleza, joto la Afrika lilipungua kwa takriban nyuzi 5 za Selsiasi. Misitu ya baridi ambayo leo huanzia karibu mita 1,500 ilishuka hadi karibu mita 500, na milima mingi iliyotengana ikaunganishwa na ukanda wa kijani. Joto liliporudi, misitu ilipanda tena juu, ikawabeba ndege wake na kuwafungia vileleni. Miaka mitatu baadaye Jürgen Haffer alitumia hoja ya jamii hiyohiyo kueleza wingi wa aina za ndege katika msitu wa Amazon.

Utafiti wa vinasaba uliofanyika baada yake umelirekebisha jibu hilo. Aina nyingi za ndege wa milima yetu zimeonekana kuwa za kale kuliko zama za barafu alizozizungumzia, na misitu ya Usambara na Uluguru inaonekana kuwa ilidumu na unyevu wake wa baharini wakati sehemu nyingine za bara zilipokauka. Lakini picha ya milima kama visiwa, na ya msitu kama daraja lililokatika, imebaki kuwa yake.

Ndege wa Njesi aliingia katika habari hii mwaka 1945. C. W. Benson, mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alikuwa akifanya kazi na Jali Makawa, mkusanyaji wa ndege ambaye ustadi wake ulimpatia heshima ya ndege mmoja wa Zambia kupewa jina lake mwaka 1965. Makawa ndiye aliyempata Njesi ndege wa mdomo mrefu ambaye hadi wakati huo alidhaniwa kuwa wa Usambara tu. Kisha kikapita kimya cha zaidi ya miaka 50, vita vikiwemo, hadi mwaka 2001 watafiti walipopanda tena mlima huo na kumkuta bado yupo. Wapo wataalamu wanaomhesabu ndege wa Njesi kuwa aina ya peke yake. Iwe hivyo au sivyo, milima yote iliyo katikati, ikiwemo ya ukanda wetu wa Ruvuma na Ziwa Nyasa, imo ndani ya swali hilo. Matogoro haihesabiwi katika Milima ya Tao la Mashariki, na umaarufu wake katika vitabu vya ndege ni mdogo. Umuhimu wake unafahamika zaidi kwa maji: ndiyo chanzo cha Ruvuma, cha Luhira unaowanywesha wakazi wa Songea, na cha Luegu unaopeleka maji yake Rufiji.

Amani yenyewe iliponea chupuchupu. Mashamba ya chai yalikwisha kula sehemu ya msitu tangu enzi za Moreau, na baadaye ukafuata uvunaji wa mbao kwa mashine hadi ulipositishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1997, miaka 100 kamili tangu azaliwe, ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380. Mtafiti Mmarekani William Newmark, ambaye tangu mwaka 1987 amekuwa akiwanasa ndege wa Usambara kwa nyavu, kuwavalisha pete na kuwaachia, ameonyesha kwamba vipande vidogo vya msitu vilivyokatwa kutoka kwa msitu mkubwa huendelea kupoteza ndege wake miaka mingi baada ya shoka kunyamaza. Hiyo ni hoja ya visiwa ya Moreau, ikitokea ndani ya umri wa mtu mmoja badala ya maelfu ya miaka.

Afya ndiyo iliyomwondoa Tanganyika, kama ilivyokuwa imemleta Afrika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alirudi Uingereza, na Lack akampokea katika taasisi ya utafiti wa ndege ya Chuo Kikuu cha Oxford. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1960 alikuwa mhariri wa Ibis. Waandishi walimwogopa kwa ukali wa kalamu yake na kumshukuru kwa sababu hiyohiyo. Kati ya mwaka 1960 na 1965 aliongoza Umoja wa Wataalamu wa Ndege wa Uingereza, na Oxford ikamtunuku shahada ya heshima, yeye ambaye hakupata kuwa mwanafunzi wa chuo chochote. Mwaka 1968 alichapisha kitabu kuhusu wazee wa Berrick Salome, kijiji alichoishi karibu na Oxford, na kumbukumbu zao za zamani. Tabia ya Amani ilikuwa bado ile ile: kukaa, kusikiliza na kuandika.

Kazi yake ya mwisho ilihusu ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika kila mwaka. Aliiandika mikono ikiwa imeharibiwa na baridi yabisi, akifahamu kwamba muda uliobaki si mrefu. Alifariki dunia tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73, na kitabu kikatoka mwaka 1972. Ndani yake alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huvuka kuja kusini mwa Sahara kila mwaka, na kwa karibu miaka 40 hiyo ndiyo namba iliyonukuliwa kila mahali. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa na takwimu bora zaidi za Ulaya waliishusha hadi takriban bilioni 2.1. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme hapa Songea kuanzia Oktoba, na kuondoka ifikapo Aprili, wamo katika hesabu zote mbili.